Kwa Kiingereza Si Sisi Tunaosema

3 Machi

Mto: mita tatu na nukta mbili.

Leo nimeanza kuwafundisha maofisa kubishana kwa Kiingereza. Nilipomwambia Nimia jana mezani, alicheka mpaka muhogo ukampalia. "Wanajeshi wabishane? Na nani, na kioo?" Dada yangu huyu hana dogo.

Wako tisa. Darasa letu zamani lilikuwa ghala la matandiko ya farasi, na jua likipanda kuta zinatoa harufu ya jasho la farasi waliokufa kabla sijazaliwa. Kanali mkuu wa kambi alinieleza kazi kwa dakika tatu, amesimama. Mwezi wa sita watahini wa mji mkuu watachagua watatu wa kwenda ng'ambo, wakakae na majeshi ya kulinda amani. "Huko, Mwalimu, huwezi kumwamuru mtu akufungulie barabara. Inabidi umshawishi. Na sisi humu ndani hatujawahi kumshawishi mtu yeyote." Alisema bila kutabasamu, kwa hiyo nami sikucheka.

Niliwaambia wakae wapendavyo. Wakasimama wote, wakazungukazunguka, wakakaa vilevile kwa vyeo: Meja Villasanti kiti cha kwanza karibu na feni, Luteni Insfrán, mwanamke wa idara ya ugavi, kiti cha mwisho karibu na choo.

5 Machi

Mto: tatu na nukta mbili.

Mdahalo wa kwanza. Nilichagua hoja nyepesi: terere, chai yetu ya baridi, ni bora kuliko kahawa. Meja alitetea. Luteni Insfrán alitakiwa apinge. Alisimama, akakakamaa, akasema kwa Kiingereza safi kabisa: "Naunga mkono yote aliyosema afande Meja, na ninaongeza mifano miwili."

Nilitamani kulia. Meja alimshukuru kwa kichwa, kama padri anayepokea sadaka.

14 Machi

Mvua tangu asubuhi. Hakuna aliyempinga mtu.

19 Machi

Mto: tatu na nukta saba.

Nimepata dawa, na dawa yenyewe imenichekesha. Nilikwenda kwa Kanali nikamwomba aandike amri ya siku, yenye muhuri, ibandikwe mlangoni: *Ofisa atakayetoa karatasi nyekundu kwenye kofia atapinga hoja, kwa nguvu zake zote, bila kujali cheo cha anayemjibu.* Kanali aliisoma mara mbili akaweka sahihi.

Jamani! Leo wamepingana kama mbwa na paka. Luteni Insfrán alimwambia Meja kwamba hoja yake ina miguu ya kuku. Kisha akageuka kunitazama, kama mtoto aliyevunja sahani, nami nikamwonyesha kidole amri iliyo mlangoni. Akaendelea. Watu hawa hawajui kukataa, ila wakiamriwa kukataa wanakataa vizuri sana.

Meja alicheka na wengine. Sikutegemea. Mtu anayetembea kifua mbele namna ile, nilidhani angenuna mwezi mzima.

28 Machi

Mto: nne na nukta moja.

Wameanza kusema mambo. Ofisa mmoja mnene wa kikosi cha farasi alikiri mbele ya wote kwamba anawaogopa farasi tangu utotoni. Luteni Insfrán alisema amechoka kuambiwa yeye ndiye azungushe terere kila mkutano kwa sababu ni mwanamke, si kwa sababu ni mdogo kwa cheo. Wakati wa mapumziko nilimuuliza kama haogopi.

"Aa, Mwalimu, niogope nini? Kwa Kiingereza si sisi tunaosema. Ni kama kuvaa nguo ya mtu. Ukiivua, yamekwisha."

Niliandika maneno hayo ubaoni, nikawaambia wote wayashike. Mungu anisamehe, nilifurahi. Miaka ishirini na sita ninafundisha watu kuagiza chakula kwenye mikahawa ambayo hawataingia maisha yao yote, na hatimaye watu wanasema kitu.

Aliyebaki ni Kapteni Cañete. Fulgencio Cañete wa kikosi cha boti, mrefu, mpole, mikono mikubwa kama makasia. Matamshi yake ni bora kuliko ya wote. Lakini akisimama kuhutubia ni kama mtu anayesoma orodha ya sabuni na mafuta ya taa.

11 Aprili

Mto: nne na nukta nane.

Familia za kwanza zimehama kutoka bondeni. Wamejenga vibanda vya mbao na mabati kwenye uwanja wa mpira, kama mwaka juzi, kama kila mwaka mto unapoamua. Nimia ameanza kwenda kuwapikia mchana.

Nilimwona Meja Villasanti pale, amekunja mikono ya shati, anapigilia misumari mwenyewe pamoja na kuruta wake. Nilimdharau bure. Akili yangu inapenda kuhukumu watu kwa mwendo wao.

14 Aprili

Mvua. Feni imekufa.

23 Aprili

Mto: tano na nukta mbili.

Hoja ya mdahalo mkubwa wa Jumatano ijayo: *Jeshi ndilo liongoze uokoaji wakati wa mafuriko.* Mwenyewe niliichagua, kwa sababu mto umo midomoni mwa kila mtu. Kapteni Cañete alitoa karatasi nyekundu. Atapinga.

Alijaribu leo. Takwimu, takwimu, asante kwa kunisikiliza. Nikambakiza wenzake walipotoka.

"Kapteni, mimi nimekusikiliza, na sikushawishika hata kidogo. Wewe mwenyewe umejishawishi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Mafuriko ya mwaka juzi ulikuwa wapi?"

"Kwenye boti, Mwalimu."

"Basi mbona hunipi boti? Mtu hashawishiwi na hesabu. Anashawishiwa na kitu ambacho mwenzake amekiona kwa macho. Nipe ulichokiona."

Akaanza kuikunja kofia yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Chochote?"

"Chochote. Ni zoezi tu."

"Sawa, Mwalimu."

Ndiyo, ni mimi niliyesema. Ninaliandika hapa kwa mkono wangu ili nisije nikajidai baadaye kwamba lilimtoka mwenyewe.

30 Aprili

Mto: tano na nukta sita.

Sijui nianzie wapi.

Meja Villasanti alitetea hoja vizuri, kwa madaha yake yote. Nidhamu, vyombo, ujasiri. Nilikuwa ninarekodi kwa simu kama kawaida, maana hotuba moja ya kila ofisa inapelekwa kwa watahini. Kisha Cañete akasimama. Hakuwa na karatasi.

Alisema: mwaka juzi, siku ya tisa ya mafuriko, nilikuwa gatini na boti yangu. Redio ilituarifu kwamba bondeni kuna watu juu ya paa, mwanamke na mama yake mzee aitwaye Ceferina Báez. Kutoka gatini mpaka pale ni dakika ishirini. Nilikuwa nimeshafungua kamba. Sauti redioni ikaniambia: ngoja. Jenerali yuko njiani na watu wa televisheni, anataka aonekane kwenye boti ya kwanza. Nikangoja. Nikauliza tena baada ya saa moja. Ngoja. Nikauliza baada ya saa mbili. Ngoja. Jenerali alifika baada ya saa nne, akapanda, akapigwa picha, akashuka kwa sababu kulikuwa na mawimbi. Ndipo nikaenda. Nilimkuta binti peke yake juu ya paa, ameshika kipande cha gauni. Mama tulimpata siku ya tatu, kwenye uzio wa seng'enge.

Nilidhani amemaliza. Kisha akasema: ripoti inasema injini ilikataa kuwaka. Sahihi iliyo chini ya ripoti hiyo ni yangu. Injini ilikuwa nzima. Niliipasha moto mwenyewe. Mnaniuliza kama jeshi liongoze uokoaji. Mimi ni jeshi, na nilingoja.

Akakaa.

Luteni Insfrán alikuwa amefunika mdomo. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Meja Villasanti, polepole, kisha wote wakafuata. Nikasema moyoni, huyu Meja ni muungwana. Kuna wangapi wanaoweza kumpigia makofi mtu aliyewashinda?

Mimi nilifanya nini? Nilisema, "Bora kabisa. Mnaona nguvu ya kitu halisi?" Nikaandika ubaoni: *kitu halisi.* Chaki ikakatika. Mtu ametapika moyo wake mbele yangu, nami nikampa alama.

5 Mei

Mto: tano na nukta tisa.

Nimechagua hotuba za kupeleka mji mkuu. Ya Cañete ni hiyo ya boti, hakuna ubishi. Alinifuata koridoni.

"Mwalimu, ile usiipeleke. Peleka ile ya terere."

"Ile ya terere utapata nafasi ya tisa. Hii utakuwa wa kwanza."

"Watasikia."

"Kapteni, nimewapelekea watahini rekodi miaka yote hii. Hawasikilizi unasema nini. Wanasikiliza matamshi, na kama umeweka viunganishi mahali pake. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kusoma shairi zima la mapenzi badala ya hotuba, akapewa alama za juu."

Akatabasamu kidogo. "Kweli?"

"Kweli tupu."

Na ilikuwa kweli. Nikapeleka.

12 Mei

Mto: sita na nukta moja. Mvua. Darasa zuri.

19 Mei

Mto: sita na nukta nne.

Nimia anasema kibanda cha mwisho mstari wa pili uwanjani ni cha yule binti aliyeokolewa juu ya paa. Teodosia Báez. Mwanamke wa makamo, anafua nguo za watu. Mto umemtoa tena.

"Unajua huwa anasema nini?" Nimia akaniambia akimenya muhogo. "Huwa anawaombea wale askari wa boti. Anasema injini si mtu, haina dhambi."

Sikuweza kumaliza chakula. Nimia akauliza nina nini. Nikasema joto.

26 Mei

Mto: sita na nukta nane.

Kiti cha Cañete kitupu. Nilidhani anaumwa. Luteni Insfrán alinifuata mpaka kwenye lango, anatazama nyuma kila hatua mbili.

"Mwalimu, wamemweka ndani tangu Ijumaa. Kuna mtahini mpya mji mkuu, ofisa wa sheria, kijana aliyesoma ng'ambo. Alisikiliza."

"Alisikiliza nini?"

"Maneno."

Kughushi ripoti, kulichafua jeshi, kumkashifu Jenerali. Ndivyo wanavyoandika. Akipatikana na hatia ni jela na kuvuliwa vyeo. Ana miaka kumi na saba jeshini. Mkewe ana mimba ya miezi saba.

Mdomo huponza kichwa, lakini huu mdomo nimeufungua mimi. Alinikatalia. Alinisihi koridoni. Nikamchekesha kwa hadithi ya shairi la mapenzi.

28 Mei

Nimefundisha. Sikumbuki nini.

2 Juni

Mto: saba na nukta moja. Wanasema ndicho kilele.

Nimekwenda kuomba kumwona Cañete. Hairuhusiwi: mimi ni shahidi. Nimekwenda kwa Kanali. Alinipokea amesimama, kama siku ile.

"Mwalimu, ile amri yangu mlangoni nimeshaing'oa."

"Afande, mtu huyu nilimlazimisha mimi."

"Basi utawaambia hivyo wao." Akanifungulia mlango mwenyewe. Alikuwa na hofu, Kanali mzima. Nimekaa na watu hawa miezi mitatu nikiwafundisha kujiamini.

9 Juni

Ubaridi umeshuka kutoka kusini jana. Darasani wanakaa tena kwa vyeo. Nilitoa kofia na karatasi, kila mmoja akaitazama kama nyoka. Hakuna aliyetia mkono.

13 Juni

Mto: sita na nukta tisa, unashuka.

Jioni Meja Villasanti alikuja nyumbani, amevaa kiraia, na kikapu cha machungwa. Akakaa jikoni kwetu, akaniita Ña Zunilda, yaani Bi Zunilda, kama majirani wanavyoniita, si Mwalimu.

"Ña Zunilda, Jumatano utaapishwa. Watakuuliza swali moja tu: yale aliyosema ni ushuhuda au ni zoezi? Ukisema ni zoezi, kwamba wewe uliwafundisha kubuni, faili inafungwa palepale. Cañete anarudi kwa mkewe."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Amenituma. Nimemwona jana. Ameniambia, mwambie Mwalimu aseme ni zoezi." Akashusha macho. "Analia, Ña Zunilda. Mtu mkubwa vile."

Alipotoka, Nimia, aliyekuwa amejifanya anaosha vyombo, alifunga bomba.

"Na yule wa uwanjani je? Yeye nani atamsemea?"

"Mama yake amekufa, Nimia. Hafufuki. Huyu yu hai."

"Mimi huyo bwana wa machungwa simwamini."

"Wewe humwamini mtu yeyote anayenyoosha suruali."

"Haya. Mwalimu wa kubishana ni wewe."

Nimekaa na kalamu kwa muda mrefu. Nimewapima wote wawili. Upande mmoja kuna ukweli ambao haulishi mtu, upande mwingine kuna mtoto atakayezaliwa baba yake yuko jela kwa kosa langu. Villasanti amekuja mwenyewe, kwa hatari yake, kumwombea mwenzake. Nitasema ni zoezi. Na nikisema, nitasema vizuri.

18 Juni

Nitaandika yote.

Chumba cha mikutano cha kambi. Maofisa watatu kutoka mji mkuu nyuma ya meza, wa katikati ni Kanali wa sheria mwenye miwani. Karani mmoja. Na kwenye benchi la ukutani, amevaa sweta la kuazima, mikono mapajani, Teodosia Báez. Sheria inataka jamaa wa marehemu aitwe, Kanali akaeleza. Hakuna aliyeniambia kwamba atakuwepo. Hakunijua. Aliniamkia kwa heshima.

Niliapa. Mkono juu ya msalaba.

"Mwalimu Ovelar, aliyoyasema Kapteni Cañete tarehe thelathini Aprili yalikuwa ushuhuda au zoezi?"

"Zoezi, afande."

"Lakini yana mambo mengi mahususi. Saa, umbali, gauni."

"Ndiyo maana nilimpa alama ya juu, afande. Mdahalo ni sanaa ya kumfanya msikilizaji aone kisichokuwepo. Zile saa nne za kungoja nilimwambia mimi: saa moja ni ndogo, siku nzima haiaminiki. Injini nzima ni mbinu tunayoiita kugeuza hati: unachukua maandishi yanayojulikana na kuyasema kinyume. Hata kujitaja mwenyewe kuwa na hatia ni mbinu. Hakuna anayemshuku mtu anayejilaumu."

Maneno yalinitoka kama maji. Nilijisikia vizuri, na hili nitalijibu siku ya kiyama: nilijisikia *vizuri*. Miaka ishirini na sita sijawahi kuhutubia mbele ya watu wenye uwezo wa kuamua kitu.

"Na jina la marehemu?"

"Jina linalojulikana na mji mzima, afande. Nilimshauri alitumie. Kama kuna utovu wa heshima, ni wangu."

Wale watatu wakatazamana. Nikamwona wa kushoto anatabasamu. Nikageuka kidogo, sijui kwa nini, nikamwona Teodosia. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Kikao kilikuwa kwa Kihispania, na chake ni cha kununulia chumvi. Lugha yake ni Kiguarani, lugha ya wenyeji wa huku, na hapakuwa na mkalimani.

Kanali wa sheria alifunga faili. "Kuna haja ya kumsikiliza Kapteni?"

"Hapana, afande," wakasema wenzake wawili.

Dakika kumi na moja. Niliangalia saa.

Cañete alikuwa amesimama koridoni kati ya walinzi wawili, amevaa sare ya gwaride, amenyoa, amekonda. Mlinzi mmoja alimwambia yuko huru, kisha walinzi wote wawili wakaondoka. Tukabaki wawili. Nilimwendea nusura nikimbie.

"Umepona, Kapteni! Yamekwisha. Nenda nyumbani."

"Mbona hawajaniita?"

"Hakuna haja. Nimesema ni zoezi. Wamekubali."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia kwa lugha asiyoijua. "Nani alikwambia useme hivyo?"

"Wewe! Ulimtuma Meja. Alikuja nyumbani."

"Mimi sijaonana na Meja tangu waniweke ndani, Mwalimu." Akasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Ile sauti redioni siku ile, iliyoniambia ngoja, unadhani ilikuwa ya nani?"

Nikayakumbuka yale machungwa.

"Nilikuwa nimejiandaa," akasema. "Wiki tatu nimejiandaa. Niliposikia yule binti wa marehemu ataitwa, nikasema basi, Mungu ameniletea. Nilitaka kusema kwa Kiguarani, asikie mwenyewe, asitafsiriwe na mtu. Kisha wanifunge, wanivue, wafanye wapendavyo. Mke wangu nimeshamwambia. Alilia, akasema nenda."

"Bado unaweza, Kapteni. Rudi ndani. Hawajatoka."

"Nikirudi nikasema kweli, wewe umeapa uongo. Utakwenda jela wewe." Akaivaa kofia yake, akainyoosha kwa vidole viwili. "Umri wako, Mwalimu. Siwezi."

Akanipigia saluti. Mimi, mwalimu wa kiraia, nisiyestahili saluti ya mtu. Akaondoka.

Nje Teodosia alikuwa anamuuliza mlinzi wa lango njia ya kurudi uwanjani, na mlinzi alikuwa anamwelekeza kwa mkono.

19 Juni

Sikulala. Nimia hajaniuliza kitu, na hilo ni baya kuliko kuuliza.

20 Juni

Nimeandika barua kwa Kanali wa sheria. Ukurasa mmoja. *Nilisema uongo chini ya kiapo.* Nimeiweka kwenye bahasha.

23 Juni

Mto: sita kasoro. Bahasha iko kwenye droo ya vijiko.

27 Juni

Matokeo yametoka. Meja Villasanti wa kwanza, Luteni Insfrán wa pili, yule wa farasi wa tatu. Wanakwenda ng'ambo mwezi wa tisa. Villasanti alinipa mkono mbele ya wote, akasema kwa Kiingereza kwamba kila alichonacho amejifunza kwangu. Matamshi mazuri.

Cañete amehamishiwa kituo cha mpakani kaskazini, mwendo wa siku mbili kwa boti. Luteni Insfrán ndiye aliyeniambia. Alikuwa na jambo lingine la kusema, nikaliona usoni, lakini Meja alikuwa karibu, akanyamaza. Kwa lugha zote.

1 Julai

Barua bado. Kila asubuhi ninasema leo. Nikifungwa nani atamtazama Nimia na sukari yake? Hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza. Ya pili, Cañete ameshahamishwa, itamsaidia nini? Ya tatu, ya nne. Ninazo nyingi. Kwa kila moja ninajua jibu lake, na kwa kila jibu ninajua jibu lake tena. Ninachanganya karatasi nyekundu na nyeupe kichwani mwangu, na zote zinaniambia nikae nilipo.

Huwa ninajiuliza kama nimewahi kuamini jambo lolote, au nimekuwa nikipanga viunganishi tu.

4 Julai

Watu wameanza kurudi bondeni. Mchana nilikuwa peke yangu, Nimia yuko zahanati, mtu akapiga makofi langoni kubisha hodi. Teodosia Báez, na furushi la nguo kichwani. Nikamkaribisha jikoni. Nilimtengea kiti, nikampa chipa ya asubuhi, mkate wetu wa muhogo na jibini. Alikaa pembeni mwa kiti, kama mtu anayeogopa kukichakaza.

"Samahani kukusumbua, Ña Zunilda," akasema kwa Kiguarani. "Ninarudi kwangu kesho, nikasema nisiondoke na jambo moyoni. Siku ile pale kambini sikuelewa yote. Nilisikia jina la mama. Nikamuuliza mlinzi, akaniambia ilikuwa habari ya darasani. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa hiyo mama yangu alikuwa mfano wa darasani."

Nilikuwa nimesimama. Droo ya vijiko ilikuwa kwenye nyonga yangu, ninaigusa. Hapakuwa na Kanali, wala karani, wala msalaba. Ni mwanamke mmoja na kipande cha chipa. Lugha ilikuwa yangu na yake, ya mama zetu.

"Ndiyo," nikasema. "Tulikosea kumtumia. Nisamehe."

"Aa, si kitu. Ila mwenzangu mmoja uwanjani aliniambia watu wanasema boti ilikuwa nzima, kwamba waliamua tu wasije. Tangu hapo silali. Nimeacha hata kuwaombea." Akanitazama. Ana macho ya kijivu, sikuwa nimeyaona. "Wewe ni msomi, na umekaa nao. Niambie wewe nitaamini. Injini ilikataa?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa ninajua la kusema. Nilikuwa nimelijua tangu tarehe thelathini Aprili.

"Ilikataa, Ña Teodosia. Walijaribu sana."

Mabega yake yakashuka. Akalia kidogo, akajifuta kwa kiganja. Kisha akasimama, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumwambia ukweli.